Thamani Kaimu: Maana na Istilahi ya Thamani Inayojaza Safuwima Mpya

UTANGULIZI

Kazi ya kuandikisha watu, mashamba, leseni na malipo imekuwa ikihama kutoka katika madaftari na kuingia katika kompyuta, na wafasiri, walimu na watumishi wa umma wamelazimika kuufuata uhamaji huo kwa lugha. Maneno mengi ya kazi hii yamekwisha kupata Kiswahili chake bila taabu kubwa. Twasema hifadhidata, na wengine husema kanzidata, kwa mkusanyo wa kumbukumbu uliopangwa ili kompyuta iweze kuupekua. Twasema jedwali kwa kila sehemu ya mkusanyo huo. Twasema safuwima kwa mstari wa jedwali unaosimama, na safumlalo kwa ule unaolala.

Liko neno moja, hata hivyo, ambalo linaendelea kuleta mashaka. Ni neno la Kiingereza "default", ambalo maofisini hutamkwa "difoti" na kuachwa hivyo hivyo. Wafasiri wanaojaribu kulitia katika Kiswahili huelekea njia mbalimbali: chaguo-msingi, thamani ya kawaida, thamani ya awali, na nyinginezo. Tofauti hizi si za ladha tu. Kila jina kati ya hayo humwambia karani jambo lingine kuhusu anachokiona mbele yake, na baadhi yake humwambia jambo lisilo kweli.

Makala haya yana makusudi mawili. La kwanza ni kueleza kitu chenyewe, hasa pale safuwima mpya inapoongezwa katika jedwali ambalo tayari lina kumbukumbu nyingi, kwa maana hapo ndipo maana ya neno hili inapodhihirika na ndipo hatari yake inapokuwa kubwa. La pili ni kupendekeza jina. Mifano tumeichukua katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, kwa sababu huko mipaka ya utawala, sheria za madini na aina za kazi zimebadilika mara nyingi katika muda mfupi, na kila badiliko hudai safuwima mpya katika daftari la mtu fulani.

DAFTARI LA KARATASI NA JEDWALI LA KOMPYUTA

Tumfikirie karani wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba katika Usukuma. Daftari lake lina safuwima tatu: jina la mkulima, kijiji chake, na uzito wa pamba aliyoleta. Katikati ya msimu anaagizwa aandike pia daraja la pamba, yaani kama ni safi au ni fifi. Karani anachukua rula na kuchora mstari mmoja zaidi pembeni mwa ukurasa. Tangu siku hiyo kila mkulima anaandikiwa daraja lake. Lakini kurasa za nyuma zinabaki kama zilivyokuwa. Mkaguzi akizifungua ataona nafasi nyeupe, na bila ya kuambiwa na mtu atafahamu kwamba wakati ule jambo hilo halikuulizwa.

Jedwali la kompyuta halina ukurasa wa nyuma wala wa mbele. Safuwima ikiongezwa, inaongezwa kwa safumlalo zote kwa mara moja, za leo na za miaka ishirini iliyopita. Kompyuta hudai kujua mara moja ni kitu gani kikae katika kila nafasi iliyozaliwa. Majibu yanayowezekana ni mawili. Ama nafasi hizo ziachwe bila thamani yoyote, ama zijazwe na thamani moja iliyotajwa na yule aliyetoa amri ya kuongeza safuwima. Thamani hiyo moja, inayokaa mahali pasipoandikwa kitu na mtu, ndiyo mada yetu.

Nafasi isiyo na thamani nayo yahitaji jina. Katika makala haya tutaiita pengo. Yafaa msomaji alitofautishe pengo na sifuri, maana sifuri ni hesabu kamili: mchimbaji aliyepata gramu sifuri ni mtu aliyepimiwa akakosa, ilhali mwenye pengo hakupimiwa. Vilevile pengo si neno tupu lisilo na herufi, kwa kuwa neno tupu ni jibu lililotolewa, japokuwa halina kitu ndani yake. E. F. Codd, mtaalamu aliyetoa nadharia ya hifadhidata za majedwali mwaka 1970, alifika hata kuligawa pengo mara mbili: lile la jambo lililopo ila halijulikani, na lile la jambo lisilohusika kabisa. Mchimbaji ambaye namba yake ya simu haikuandikwa ana pengo la kwanza. Asiye na simu ana la pili.

KANUNI ZA KAZI YENYEWE

Mfasiri hawezi kuchagua jina zuri bila ya kujua tabia za kitu anachokipa jina. Tabia zilizo muhimu ni tano.

Kwanza, thamani hii huingia tu pale safuwima isipotajwa kabisa. Karani akiacha kuitaja, kompyuta itajaza. Lakini karani akitaja safuwima na kusema wazi kwamba anaweka pengo, kompyuta itaweka pengo. Kunyamaza na kusema "sijui" ni mambo mawili mbalimbali.

Pili, safuwima ikiongezwa pamoja na masharti kwamba isikubali pengo, na bila ya kutajiwa thamani ya kujazia, programu nyingi za hifadhidata hukataa amri hiyo ikiwa jedwali lina safumlalo ndani yake. PostgreSQL hukataa. MySQL haikatai: hutia sifuri katika safuwima ya namba, na neno tupu katika safuwima ya maandishi, bila ya kuuliza.

Tatu, programu hazilingani kuhusu safumlalo za zamani. Safuwima inayoruhusu pengo ikiongezwa pamoja na thamani ya kujazia, PostgreSQL na MySQL huzijaza safumlalo zote zilizokuwapo. SQL Server huziacha na pengo, na kuitumia thamani hiyo kwa safumlalo zitakazokuja tu, isipokuwa imeamriwa vinginevyo. Mfasiri anayetafsiri mwongozo wa programu moja hana budi kujihadhari asiazime sentensi za mwongozo wa nyingine.

Nne, thamani ya kujazia ikibadilishwa baadaye, safumlalo zilizokwisha kujazwa hazibadiliki. Amri mpya hutazama mbele.

Tano, zamani PostgreSQL ilipoongeza safuwima yenye thamani ya kujazia ilikuwa ikiliandika upya jedwali zima, na kwa jedwali kubwa kazi hiyo iliweza kuwazuia watumiaji kwa muda mrefu. Tangu toleo la 11, la mwaka 2018, thamani isiyobadilika huandikwa mara moja tu katika orodha ya maelezo ya jedwali. Msomaji anapoomba safumlalo ya zamani, kompyuta huchukua thamani kutoka katika orodha hiyo na kumwonyesha kana kwamba iliandikwa palepale. Kwa hiyo yawezekana safumlalo milioni moja zikaonyesha jibu ambalo halikuandikwa katika hata mojawapo. Kwa fundi hii ni nafuu kubwa. Kwa mwenye lugha ni dalili kwamba kitu tunachokitafutia jina si maandishi ya mtu yeyote.

MFANO WA KWANZA: MKOA

Mwezi Machi 2012 Serikali ilianzisha mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mkoa wa Geita ulikusanywa kutoka mikoa mitatu. Wilaya ya Geita, na Nyang'hwale iliyomegwa kutoka humo, zilitoka Mkoa wa Mwanza. Chato ilitoka Kagera. Bukombe, na Mbogwe iliyomegwa kutoka Bukombe, zilitoka Shinyanga. Shinyanga ilipoteza pia Bariadi, Maswa na Meatu, zilizokwenda Simiyu.

Tuchukulie sasa daftari la kubuni la wachimbaji wadogo, lililoanza mwaka 2005, lenye safuwima za namba ya leseni, jina, wilaya na aina ya madini. Mwaka 2013 inaamriwa kwamba iongezwe safuwima ya mkoa. Fundi anajua kwamba wengi wa walioandikishwa wako Geita, na hataki mapengo. Anaongeza safuwima na kuitajia thamani ya kujazia "Geita".

Papo hapo mchimbaji wa almasi wa Kishapu, ambaye hajapata kuuvuka mpaka wa Shinyanga, anakuwa mtu wa Geita. Kadhalika wachimbaji wa Kahama wote. Hata leseni ya mwaka 2006 iliyotolewa katika Wilaya ya Geita yenyewe inasomeka kwamba ilitolewa katika Mkoa wa Geita, mkoa ambao mwaka huo haukuwapo. Mwaka 2006 jibu sahihi lilikuwa Mwanza. Hapa thamani ya kujazia imekosea kwa namna mbili: imekosa mahali, na imekosa wakati.

Njia iliyo bora si ngumu. Safuwima huongezwa kwanza ikiwa na mapengo. Kisha mapengo hujazwa kwa ushahidi, yaani kwa kuitazama safuwima ya wilaya pamoja na tarehe ya leseni. Safumlalo zinazosema Kishapu zinapata Shinyanga. Zinazosema Bukombe zinapata Shinyanga kwa tarehe za kabla ya Machi 2012 na Geita kwa tarehe za baada yake. Ikitakiwa pia wilaya za zamani zigeuzwe kuwa za sasa, ziko safumlalo ambazo ushahidi huo hautazitosha. Mtu aliyeandikwa "Bukombe" mwaka 2008 aweza leo kuwa katika Bukombe au katika Mbogwe, na bila ya kujua kata yake hakuna awezaye kuamua. Hapo pengo liachwe, maana pengo litamtuma karani akaulize.

Uzito wa jambo hili waonekana hata katika hesabu kubwa za taifa. Sensa ya mwaka 2002 iliuhesabia Mkoa wa Shinyanga watu takribani milioni 2.8. Sensa ya mwaka 2012 iliuhesabia watu 1,534,808. Anayesoma safuwima yenye neno "Shinyanga" bila ya maelezo ya mipaka atadhani kwamba watu zaidi ya milioni moja waliuhama mkoa huo. Watu hawakuhama, ni jina la mkoa lililohama juu yao.

MFANO WA PILI: MRABAHA

Mrabaha ni sehemu ya thamani ya madini ambayo mchimbaji huilipa Serikali. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 1998 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Sheria ya mwaka 2010 iliufanya asilimia 4. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2017 yaliupandisha hadi asilimia 6. Kiwango, basi, ni jambo la tarehe.

Tuchukulie jedwali la mauzo ya dhahabu lililoanza mwaka 2012, ambalo halikuwa na safuwima ya kiwango kwa sababu kila mtu ofisini alikifahamu kiwango. Mwaka 2018 fundi anaongeza safuwima hiyo na kuitajia thamani ya kujazia 6, akiamini anafuata sheria. Kwa mauzo ya siku hiyo na ya kesho amefuata sheria. Lakini mauzo ya mwaka 2014 yenye thamani ya shilingi 10,000,000, ambayo mrabaha wake halali ulikuwa shilingi 400,000, sasa yanasomeka kwamba yalipaswa kulipiwa shilingi 600,000. Kompyuta ikiagizwa itafute wenye madeni itamtoa mchimbaji huyo na deni la shilingi 200,000. Hakuna aliyelidai deni hilo, hakuna aliyeliandika, wala sheria hailijui. Hata hivyo liko katika karatasi iliyochapwa, na mchimbaji ataambiwa alete risiti za miaka iliyopita ili ajitetee.

Kinyume chake pia chafaa kutazamwa. Lau safuwima ingaliongezwa mwaka 2012 na thamani ya kujazia 4, kisha mwaka 2017 thamani hiyo ikabadilishwa kuwa 6 siku ile ile sheria ilipoanza kutumika, safumlalo za zamani zingalibaki na 4 na mpya zingalipata 6, kwa ile kanuni ya nne. Kosa la mwaka 2018 halikuwa kuitumia thamani ya kujazia, bali kuiruhusu iseme juu ya siku ambazo haikuwapo.

Jambo hilohilo hutokea katika safuwima za tarehe. Fundi akiongeza safuwima ya "tarehe ya kuandikishwa" na kuijaza kwa tarehe ya leo, wachimbaji wote wa daftari, wazee kwa vijana, wataonekana kuwa waliandikishwa siku moja.

MFANO WA TATU: ZEBAKI

Mifano miwili iliyotangulia inahusu utawala na fedha. Wa tatu unahusu afya ya watu. Katika uchimbaji mdogo wa dhahabu, mwamba unaotolewa katika duara husagwa kwa karasha, huoshwa katika mialo, kisha huchanganywa na zebaki ili chembe za dhahabu zishikamane. Donge linalopatikana huchomwa. Zebaki huondoka kama mvuke na dhahabu hubaki. Mvuke huo hudhuru mishipa ya fahamu na figo, na mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi. Zebaki inayokwenda na maji na marudio huingia katika mito, na viumbe vya majini huibadilisha samaki wakaibeba. Mkataba wa kimataifa wa Minamata wa mwaka 2013 ulikusudia kuipunguza hatari hii, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Tuseme, basi, kwamba daftari letu la kubuni linaongezewa safuwima yenye swali "Je, anatumia zebaki?". Majibu ni "ndiyo" na "hapana", na fundi anaichagua "hapana" iwe thamani ya kujazia, kwa kuwa kompyuta imemdai kitu na "hapana" inaonekana haina madhara. Siku inayofuata daftari lenye watu elfu tano linasema kwamba watu elfu tano hawatumii zebaki. Maofisa wanapita katika machimbo mia moja ya kwanza na kukuta sitini wanaitumia. Taarifa inayotolewa na kompyuta haitasema "sitini katika mia waliotembelewa". Itasema "sitini katika elfu tano". Mwenye kugawa fedha za mafunzo, vifaa vya kuchomea na vipimo vya afya atasoma kwamba jambo hili ni dogo, na fedha zitakwenda kwingine.

Watu ambao hawajatembelewa wamehesabiwa kuwa wamejibu. Hali ni hiyo hiyo kwa safuwima ya kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama wachimbaji wanaovuta vumbi la mwamba. "Hajapimwa" na "amepimwa, hana" ni maneno mawili ambayo muuguzi hatayachanganya hata siku moja, lakini safuwima yenye thamani ya kujazia "hapana" huyachanganya yote mawili. Katika maswali ya namna hii pengo lapaswa kuruhusiwa, au majibu yawe matatu: ndiyo, hapana, hajaulizwa.

KUTAFUTA ISTILAHI

Baada ya kukiona kitu, turudi kwenye jina. Neno la Kiingereza limetokana na Kifaransa cha kale, na maana yake ya asili ni kukosa au kupungukiwa. Ndiyo maana katika benki neno hilo hilo hutumika kwa mtu aliyeshindwa kulipa mkopo, ambaye sisi humwita mdaiwa sugu, na katika mahakama hutumika kwa hukumu inayotolewa baada ya mdaiwa kutofika. Katika maana zote liko wazo la mtu aliyepaswa kutenda asitende, na matokeo yakaja bila yeye. Istilahi nzuri ya Kiswahili haina haja ya kufuata historia hiyo, lakini yafaa ilibakishe wazo hilo la kutokuwapo.

"Chaguo-msingi" ndilo jina lililoenea zaidi, na latumika katika programu nyingi zilizotiwa Kiswahili. Kwa mipangilio ya kompyuta lafaa: lugha ya simu au printa ya ofisi ni mambo ambayo mtumiaji huonyeshwa orodha, na moja katika orodha hiyo limetangulizwa. Hapo pana chaguo kweli. Katika safuwima ya jedwali hapana. Mchimbaji wa Kishapu hakuchagua Geita, wala karani hakumchagulia. Kuita thamani hiyo chaguo ni kumbebesha mtu tendo ambalo hakulitenda.

"Thamani ya kawaida" ni jina la hatari zaidi. Humwambia karani kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyo kwa watu wengi, na kwamba asipokuwa na sababu maalumu aache palivyo. Karani aliyefundishwa kwamba "hapana" ndiyo thamani ya kawaida ya swali la zebaki hatapata haja ya kuuliza.

"Thamani ya awali" lafaa kwa maana nyingine, yaani thamani ambayo kigeugeu cha programu huanza nayo. Lakini kwa leseni ya mwaka 2006 iliyopewa mkoa mwaka 2013 hakuna cha awali hapo. Thamani imechelewa miaka saba. "Thamani ya kujazia", ambalo tumelitumia hadi hapa, halidanganyi, lakini ni maelezo kuliko istilahi, na halina vinyambuo vya kutosha.

PENDEKEZO

Tunapendekeza thamani kaimu. Kaimu ni neno ambalo kila mtumishi wa umma analifahamu. Lina asili ya Kiarabu, katika maana ya kusimama, na limetokana na fungu la maneno lenye maana ya kusimama mahali pa mwingine. Sehemu ya pili ya fungu hilo, yenye maana ya mahali, ndiyo iliyotupatia makamu. Kaimu hukalia kiti kwa sababu mwenye kiti hayupo. Hutia sahihi na shughuli zikaendelea. Lakini kila mtu ajua kwamba hakuthibitishwa, na kwamba akija mwenye kiti yeye ataondoka. Hizo ndizo sifa za thamani tunayoieleza.

Neno hili lina faida ya pili, nayo ni ukoo wake. Tunalo kukaimu, kukaimisha, kukaimishwa na ukaimu, yote yakiwa yamezoeleka maofisini. Tunalo pia tendo la kuthibitishwa, lililo kinyume chake katika utumishi. Kwa hiyo mwalimu aweza kuuliza darasani: "Thamani hii imethibitishwa au inakaimu?", na wanafunzi wakaelewa kabla ya kufundishwa ufundi wowote.

Huenda pakatolewa pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba kaimu ni mtu, si kitu. Jibu ni kwamba Kiswahili kimezoea kuazima majina ya watu kwa ajili ya vitu. Twasema lugha mama na kampuni mama bila ya mtu kushangaa. Ya pili ni kwamba katika vyeo neno kaimu hutangulia, kama katika Kaimu Mkurugenzi, ilhali hapa linafuata. Hilo ni sawa, kwa sababu katika istilahi neno kuu hutangulia na lenye kuliainisha hufuata, kama vile askari kanzu na bata maji.

Kwa hiyo tunaweka mbele ya wasomaji orodha hii fupi:

Safuwima: mstari unaosimama wa jedwali, wenye aina moja ya taarifa. "Safuwima ya mkoa iliongezwa mwaka 2013."

Safumlalo: mstari unaolala, wenye taarifa zote za kitu au mtu mmoja. "Kila leseni ina safumlalo yake."

Pengo: nafasi isiyo na thamani. "Safuwima hii hairuhusu pengo."

Thamani kaimu: thamani inayowekwa na hifadhidata katika safuwima ambayo mwandikaji hakuitaja. "Thamani kaimu ya kiwango cha mrabaha ilibadilishwa kutoka 4 kuwa 6."

Kukaimisha safuwima: kuipa safuwima thamani kaimu. "Usiikaimishe safuwima ya matokeo ya vipimo."

Thamani iliyothibitishwa: thamani iliyowekwa kwa ushahidi au kwa jibu la mhusika. "Safumlalo 300 zimethibitishwa, zilizobaki zinakaimu."

Chaguo-msingi: pendekezo linalotangulizwa katika orodha ya mipangilio ya programu. Libaki kwa maana hii tu.

HITIMISHO

Mafundi wataendelea kuongeza safuwima, na hawawezi kukatazwa kutumia thamani kaimu, maana bila ya hiyo kazi nyingi zisingeendelea. Linaloombwa ni mambo matatu. Fundi aongeze safuwima kwanza na mapengo, ayajaze kwa ushahidi, na ndipo aikaimishe kwa ajili ya safumlalo zijazo, akiweka pembeni safuwima nyingine inayosema kila thamani imetoka wapi. Karani aonyeshwe ni thamani zipi zinazokaimu, ili ajue nani wa kuulizwa. Na mfasiri ampe karani huyo jina linalomkumbusha kuuliza.

Wasomaji walio katika halmashauri za Kahama, Msalala, Ushetu, Kishapu, Geita, Chato, Bukombe, Mbogwe na Nyang'hwale, pamoja na walimu wa masomo ya kompyuta popote walipo, wanaombwa wayajaribu maneno haya katika kazi zao kabla hayajapelekwa kusanifiwa. Neno likikwama mdomoni mwa karani, au likieleweka vingine vijijini, tungependa kulijua hilo mapema, pamoja na neno ambalo watu wenyewe wamelitumia badala yake.